Arzell Gatewood, Mpiga Gitaa Aliyejifunza Kungoja (1931–2013)

Arzell Gatewood, tunayemsindikiza leo, alizaliwa Jumatatu tarehe 9 Machi 1931, katika nyumba ya vyumba viwili nje kidogo ya mji wa Como, wilaya ya Panola, jimbo la Mississippi. Alikuwa mtoto wa pili na wa mwisho wa Bwana Hosea Gatewood na Bi. Sophronia. Kaka yake Lum, aliyezaliwa mwaka 1928, yupo nasi hapa, benchi la mbele, ndani ya suti yake ya ushemasi. Aliomba mapema kwamba asisifiwe. Itabidi atuvumilie kidogo, maana habari za Arzell haziwezi kusimuliwa bila yeye.

Wilaya yetu imekaa mpakani. Ukielekea magharibi unateremkia kwenye uwanda wa pamba, ule unaoitwa Delta, na ukielekea mashariki unapanda vilimani. Hosea alikuwa mtu wa uwandani. Alivaa shingo ya chupa kidoleni na kuitelezesha juu ya nyuzi mpaka gitaa likalia kama mtu, na kila mstari aliouimba, gitaa lilimjibu. Sophronia alitoka vilimani, kwa watu wa filimbi ya mwanzi na ngoma, ambao bluzi yao, muziki wetu sisi watu weusi, haina safari. Inashika sauti moja na kuizunguka, inaizunguka tena, mpaka wachezaji wasahau walianza lini na kwa nini waache. Wawili hao walibishana miaka yote ya ndoa yao kuhusu ipi hasa ndiyo bluzi. Ubishi ulikatika mwaka 1936, gari la magogo lilipopinduka na Hosea akafariki, na Lum akawa mwanamume wa nyumba akiwa na miaka minane.

Gitaa la baba liliuzwa. Lum aling'oa waya wa ufagio wa mama yake, akaupigilia ukutani kwa misumari miwili, akauinua kwa chupa ya dawa ya kikohozi, na kwa waya huo mmoja nyumba nzima ikawa gitaa. Bi. Sophronia aliposikia ukuta wake unaunguruma alitoka na fimbo, akasimama, akasikiliza, kisha akauliza ufagio wake uko wapi. Lum akasema hajauona. Mama akarudi ndani, na siku za Jumapili tu ndizo alizokataza.

Arzell alianza shule mwaka 1937, katika shule iliyokuwa ikifundishwa ndani ya kanisa hili hili la Mlima Gilboa. Lum alikuwa ameshaachishwa masomo darasa la pili ili ashike jembe. Kila msimu wa kuvuna ulipofika, mwenye shamba alitaka mikono yote ya nyumba shambani, na kila msimu Lum alichuma mstari wake na mstari wa mdogo wake, ili mdogo abaki darasani. Hakuna aliyemtuma. Kwa njia hiyo Arzell alimaliza darasa la nane mwaka 1945, wa kwanza katika ukoo wa Gatewood, na mwalimu wake, Bi. Ophelia Tunstall, alimwambia Bi. Sophronia kwamba kichwa cha kijana huyu ni cha hesabu.

Jioni zamu ilibadilika, mwanafunzi akawa mwanafunzi wa Lum. Kwa wakati huo walikuwa wamepata gitaa la kweli, lililopasuka tumbo na kuzibwa kwa ubao wa kasha la sabuni. Lum alichanganya mitindo yote miwili ya wazazi wake: chupa ya baba ikilia juu, na chini kidole gumba kikitembea palepale kama watu wa vilimani. Alibadili sauti pale maneno yalipomwishia, siyo kabla. Mstari ukiwa mrefu, muziki uliungoja. Ukiwa mfupi, uliukata. Arzell alipouliza ajuaje wakati wa kubadili, Lum alimjibu, "Usinitazame vidole. Nyamaza tu, unisikilize." Basi Arzell akanyamaza, na kufikia miaka kumi na tano aliweza kumfuata kaka yake popote alipokwenda. Kwenye karamu za Julai, mbuzi wakichomwa na vumbi likitimka, watu walikuja kutoka wilaya tatu kuwasikiliza watoto wa Sophronia.

Mwaka 1949 Arzell aliondoka nyumbani. Alikaa Memphis miaka miwili, akibeba marobota ya pamba mchana na kupiga jioni na wazee waliokuwa bado wanapuliza mitungi mitupu ikatoa sauti ya tarumbeta. Pembeni yao vijana walikuwa wameshaanza mambo mengine: suti zilizopigwa pasi, tarumbeta za shaba, na gitaa lisilofanya kazi nyingine ila kuimba wimbo wake kwa uzi mmoja mmoja. Arzell alijifunza kwa wote, kwa wazee na kwa vijana, na akala kwa wote. Lum alibaki Como. Kuna shamba, kuna mama, na hakuona haja ya kuzungumza zaidi kuhusu jambo hilo.

Mwaka 1951 Arzell alipanda treni ya kaskazini na kushuka Chicago, akapata kazi katika kiwanda cha nyama, kazi aliyoishika miaka ishirini. Ijumaa jioni alipiga katika baa za upande wa kusini wa mji. Siku ya kwanza alikwenda na gitaa lake tupu, lisilo la umeme, na hakuna hata mtu mmoja aliyemsikia. Wapo mabwana wanaoandika kwamba umeme uliharibu bluzi, na binti yake Rozelia, ambaye ndiye anayewasomea haya, anapenda kuwauliza kama wamewahi kupiga gitaa la mbao tupu mbele ya watu mia mbili waliotoka kupokea mshahara. Arzell alinunua mtambo wa kukuzia sauti wiki iliyofuata. Wenzake walikuwa hivyo hivyo, watu wa Mississippi watupu: mmoja alipuliza harmonika, kinanda cha mdomo, akiwa ameibana pamoja na kipaza sauti mpaka ikanguruma, mwingine yuko kwenye piano, mwingine besi, na nyuma yao ngoma.

Lakini watu watano hawawezi kupiga kama mtu mmoja barazani kwake. Inabidi wakubaliane. Kwa hiyo Chicago walihesabu: vipimo kumi na viwili vya mapigo manne kwa kila ubeti, vinne mahali pa kuanzia, kisha wote wanapanda pamoja, wanashuka pamoja, wanarudi nyumbani pamoja. Hapo kichwa kile alichokisifu Bi. Tunstall kilipata kazi. Arzell alihesabu bila kukosea, na kufikia mwaka 1954 alikuwa na bendi yake mwenyewe, iliyosifika kwa kuwa haijawahi kupotea njia.

Tarehe 11 Juni 1955, Jumamosi, alifunga ndoa na Bi. Idabel Rountree, mshonaji wa kofia, aliyehamia Chicago na wazazi wake kutoka Durham, Karolina ya Kaskazini. Baba yake, Mzee Cleophas Rountree, alikuwa ametumia ujana wake kwenye viwanda vya tumbaku na alipiga bluzi ya kwao, ya pwani ya mashariki, gumba likishika mwendo wa mkono wa kushoto wa mpiga piano na vidole viwili vikicheza wimbo juu, vyepesi na visafi. Siku ya posa alimsikiliza mkwe mtarajiwa mpaka mwisho, kisha akamwambia, "Kijana wangu, hiyo ni bluzi au unavunja mlango?" Arzell, kwa heshima zote, akamjibu kwamba yeye naye alidhani mzee anafuma soksi. Bi. Idabel alisema ndoa yake ilikubaliwa kwa sababu baba yake alicheka, na baba yake alikuwa si mtu wa kucheka. Walijaliwa watoto wawili, Rozelia mwaka 1958 na Thurman mwaka 1961.

Sasa tunafika mahali ambapo familia ilijadiliana kama pasomwe au paachwe. Kaka Lum mwenyewe ndiye aliyesema pasomwe, la sivyo watu watadhani mdogo wake alikuwa malaika.

Arzell alikuwa amemsifu kaka yake kila mahali, kiasi kwamba mwenye kampuni moja ndogo ya santuri alisema basi aletwe asikike. Lum akapanda treni, mara yake ya kwanza kutoka Mississippi, akiwa na gitaa lile lenye ubao wa kasha. Jumamosi ya tarehe 17 Agosti 1957 waliingia studio. Arzell alimpa gitaa lake la umeme, na Lum akalipenda papo hapo, akawa analigusa uzi mmoja na kutabasamu. Kisha bendi ikaanza. Lum aliimba kama alivyoimba siku zote. Alipofika penye mstari mrefu aliuvuta mpaka ukamwisha, lakini bendi ilikuwa imeshapanda bila yeye. Wakaanza upya. Safari hii alikata mapema, na bendi ikabaki nyuma. Wakaanza tena, na tena. Mpiga ngoma, Dolphus Crump, aliweka vijiti chini na kuwasha sigara. Mwenye kampuni alitazama saa kupitia kioo.

Arzell aliona aibu. Tuseme wazi kwamba alimwonea aibu kaka yake, na aibu hiyo ikamtoka kwa mdomo mbele ya watu wote. "Kaka, kumi na mbili tu. Hujui kuhesabu mpaka kumi na mbili? Hata watoto wa shule wanajua."

Wanamuziki wakacheka. Hawakuwa na ubaya, hawakujua ni nani aliyeacha shule na ni nani aliyemaliza, wala kwa nini. Lum alichomoa waya, akaliegemeza lile gitaa la umeme ukutani taratibu, akachukua lake.

"Nilidhani nimekuja kupiga na mdogo wangu," alisema.

Arzell alimfuata mpaka barabarani akimwita, na Lum hakukataa kuongea naye. Aliongea kuhusu joto la mji na akauliza kituo cha treni kiko upande gani. Jioni hiyo Bi. Idabel, ambaye hakuwa na tabia ya kupandisha sauti, alimsikiliza mumewe akijitetea kuhusu vipimo na muda wa studio, kisha akamwambia, "Na hizo hesabu ulizisoma nani akikuchumia pamba?"

Lum alirudi Como, akaliweka gitaa chini ya kitanda na hakulitoa. Mwaka 1960 akawekwa kuwa shemasi katika kanisa hili, na kwa watu wengi hiyo ilitosha kuwa sababu, maana siku hizo aliyeshika Biblia hakutakiwa kushika bluzi. Arzell hakudanganyika. Kila Julai alikuja na familia yake kwenye karamu, na ndugu hao walikaa pamoja mbele ya mbuzi wa kuchoma, wakaulizana habari za mama, mvua, miguu na magari. Hawakununiana hata siku moja. Ila neno gitaa lilikuwa halitajwi, na Arzell alikuwa akirudi Chicago amechoka kuliko alivyokuja. Alimwambia mkewe kwamba amemnyamazisha mtu aliyekuwa bora kuliko yeye, na hajui pa kuanzia.

Miaka ile ya sitini bluzi ilibadilika tena, na safari hii ilibadilisha wasikilizaji. Vijana wetu walihamia kwenye muziki mwingine, na viti vyao vikakaliwa na wanafunzi wazungu wa vyuo, wenye ndevu na heshima nyingi. Mwaka 1964 walimwalika Arzell kwenye tamasha lao, wakaomba aje na gitaa lisilo la umeme na, kama hatajali, avae ovaroli. Arzell alikuwa na suti nne na hakuwa amevaa ovaroli tangu aondoke shambani. Aliazima gitaa la baba mkwe wake, akaenda na suti yake ya kijivu, akakalishwa juu ya robota la majani makavu. Wakamwomba nyimbo za zamani kabisa, za nyumbani. Basi akapiga wimbo wa Lum.

Walisimama wote kumshangilia. Yeye alishuka jukwaani, na njiani kurudi akamwambia Bi. Idabel kwamba wamepigia makofi kitu ambacho hakikuwepo. Chupa ilikuwa inalia vizuri, vidole vilikumbuka, lakini mguu wake ulikuwa unahesabu. Alijaribu kuuzuia katikati ya wimbo na haukuzuilika. Kwa miaka kadhaa tulimsikia jikoni akijaribu kupiga bila kuhesabu, na kila mara alifika kipimo cha nne akapanda, akatukana kidogo, akaanza tena. Mzee Rountree alimshauri ajifunze kufuma soksi.

Mwaka 1966 Arzell alimleta mwanafunzi mmoja wa chuo mwenye mtambo wa kurekodia mpaka mlangoni kwa Lum. Alidhani ni zawadi. Alieleza kwamba sasa dunia inautaka ule ule muziki uliokataliwa studio, na hakutakuwa na bendi wala saa ukutani, ni Lum peke yake na pumzi zake. Lum alimkaribisha mgeni, akampa chai baridi na kipande cha keki, akamwonyesha kanisa. Habari za gitaa zilipofika alisema ana kuku wa kulisha. Alikuwa na kuku sita. Aliwalisha mpaka gari likaondoka.

Bi. Sophronia alifariki akiwa na miaka themanini na tatu, na akazikwa Jumamosi ya tarehe 21 Januari 1989, kutoka humu humu tulimo. Kanisa letu bado linashika wimbo wa kale, usio na kinanda, ambao shemasi hutoa mstari mmoja upesi upesi, na watu wote huupokea na kuuvuta polepole, kila mtu kwa sauti yake, mpaka unajaa nyumba. Siku hiyo aliyetoa mistari ni Shemasi Lum Gatewood, akimzika mama yake. Arzell alikaa benchi la familia. Lum alitoa mstari wa kwanza, kanisa likaupokea. Mstari wa tatu ulimkwama. Alisimama mdomo wazi, machozi yakimshuka, na hakuna aliyejua atakaa hivyo kwa muda gani.

Watu mia na hamsini walimngoja. Hakuna aliyekohoa, hakuna aliyeingia kabla yake, hakuna aliyemsaidia. Alipopata sauti akaumalizia mstari, na kanisa lote likaingia kwa pamoja, na Arzell akaingia nao, mahali penyewe, akiwa hajahesabu kitu. Alimwambia Rozelia baadaye kwamba aliimba na kulia, na nusu ya kilio haikuwa ya mama.

Baada ya maziko, watu wakiwa bado wanakula kuku na maharage ukumbini, Arzell alimfuata kaka yake nyuma ya kanisa, alikokwenda kupumzisha miguu. Rozelia alikuwa amewapelekea kahawa, ndiyo maana tunayajua maneno haya.

"Kaka," Arzell alisema, "siku ile Chicago hukukosea wewe. Sisi ndio tuliotakiwa kukungoja."

Lum alikunywa kahawa yake. "Imekuchukua miaka thelathini na mbili kulijua hilo?"

"Ndiyo."

"Na wewe ndiye wa hesabu."

Arzell alianza kucheka, akashindwa, akaweka kikombe chini na kumwomba kaka yake msamaha kwa maneno kamili, akilitaja jambo lenyewe: shule, pamba, na watu waliocheka. Lum alimsikiliza mpaka akamaliza. Kisha akamwambia aje Julai na asije mikono mitupu.

Julai hiyo Arzell alikuja na gitaa la mbao tu, lisilo la umeme, akidhani ndiyo heshima. Lum alizunguka gari mara moja, akachungulia nyuma, akauliza, "Ule mtambo wako uko wapi?" Kumbe umeme haukuwa na kosa lolote, alikuwa akiutamani tangu ile Jumamosi ya studio. Thurman alitumwa mpaka mji wa jirani wa Senatobia kuazima mtambo, na walipounganisha nyaya jua lilikuwa linakwenda kuzama. Mama mmoja wa kanisa, ambaye hatutamtaja kwa kuwa yupo hapa, alimuuliza shemasi kama hili linafaa. Lum akamjibu kwamba Bwana amekuwa akimsikia tangu enzi za waya wa ufagio na hajawahi kulalamika, na kama amechoka atasema. Walipiga mpaka mbuzi wakaisha. Dolphus Crump, ambaye alikuja kutoka Chicago kwa gharama yake, alipiga ngoma huku amegeuza kiti kumtazama Lum usoni, na hakugusa sigara.

Tangu hapo walipiga kila Julai, miaka ishirini na zaidi, na vijana waliokuja kusikiliza walikuta mambo yote kwenye baraza moja: chupa ya uwandani, mzunguko wa vilimani, umeme wa Chicago, na Arzell akitia mle vidole vyepesi vya baba mkwe wake pale Lum alipomwachia nafasi. Waliulizwa mara nyingi huo ni mtindo gani. Lum aliwajibu kwamba ni wa kwao. Bi. Idabel alifariki tarehe 2 Aprili 2004, na mwaka uliofuata Arzell alirudi Como moja kwa moja, akajenga nyumba ndogo mkabala na ya kaka yake, karibu kiasi cha kugombana bila kutoka nje.

Tarehe 6 Februari 2012 Arzell alipatwa na kiharusi. Mguu na mkono wa kulia ilidhoofika, na maneno yakawa yanamjia kwa zamu zake. Mtaalamu wa mazoezi, binti mpole, alimwomba kila asubuhi ahesabu kwa sauti. Aliweza kufika tano, wakati mwingine saba, kisha anapotea na kumtazama kama mtu aliyeshushwa kituo kisicho chake. Hilo lilimuumiza kuliko mguu. Siku moja alimwambia Lum, kwa taabu, kwamba namba zimemkimbia zote.

"Afadhali," Lum akasema. "Sasa tuko wawili."

Akaenda kuleta magitaa. Mkono wa kushoto wa Arzell ulikuwa mzima, kwa hiyo Lum alimlazia gitaa mapajani na kumvalisha chupa kidoleni, na ule wa kulia uligusa nyuzi ulivyoweza. Muziki uliotoka haukuwa na mpangilio wowote. Arzell alikaa mahali pamoja muda mrefu mno, akaruka kwingine ghafla, akarudi, akasimama. Na Lum, mzee wa miaka themanini na minne, alimfuata. Aliporuka akaruka naye, aliposimama alishika ile sauti ya chini na kuizungusha taratibu mpaka mdogo wake apate njia. Hawakupotezana hata mara moja. Walifanya hivyo karibu kila siku mwaka ule wote na mwaka uliofuata, na sisi tuliokuwa tukiwaletea chakula tulijifunza kukiweka chini na kuondoka.

Mwezi huu wa Oktoba hali yake ilibadilika, na daktari akatuambia tuite watu wa nyumbani. Jumamosi ya tarehe 19, alasiri, alikuwa kitandani kwake, Rozelia na Thurman wakiwa kando yake, Lum kwenye kiti chake na gitaa lake. Arzell hakuweza tena kushika chupa. Alikuwa anaimba kwa pua tu, kidogo kidogo, wimbo usio na maneno, na Lum akimfuata chini yake. Alinyamaza, akaendelea. Alinyamaza tena, muda mrefu zaidi, akaendelea. Kisha akanyamaza.

Lum hakuacha. Alishika sauti ile ile, akaizungusha, akaizungusha tena, macho yake kwa mdogo wake. Rozelia aliona, na Thurman aliona. Hatimaye Rozelia aliweka mkono juu ya bega lake na kumwambia, "Baba mkubwa, ameshakwenda." Lum aliitikia kwa kichwa kwamba amesikia. Akaendelea kupiga, kwa sababu, alivyosema, huenda anavuta pumzi tu, na safari hii hakutaka mtu yeyote aingie kabla yake.

Arzell Gatewood ametangulia akiwa na umri wa miaka themanini na miwili. Ameacha watoto wawili, Rozelia Gatewood Pinkston wa Chicago na Thurman Gatewood wa Memphis. Mkwe mmoja, Bwana Everett Pinkston. Wajukuu watano na vitukuu watatu. Rafiki yake wa miaka sitini, Bwana Dolphus Crump. Waumini wote wa Mlima Gilboa. Na kaka yake, Shemasi Lum Gatewood, ambaye bado anamngoja.

Bwana ampokee, ampumzishe mahali pa utulivu, wala asimharakishe.